Seven Chances ya Buster Keaton: Mposaji Asiye na Mshenga

Bibi yangu alizaliwa Pangani, amehitimu juzuu zake zote, na Kiingereza hakijui. Jioni niliyomwekea Seven Chances, filamu bubu ya vichekesho ya Mmarekani Buster Keaton, sebuleni, kwa projekta ya kuazima na shuka jeupe lililotundikwa ukutani, nilijiandaa kumtafsiria kila kibao cha maandishi kitakachotokea. Ilipofika mahali ambapo kijana anatembea kutoka kwa msichana mmoja hadi mwingine akiomba amwoe, na kila mmoja anamtazama kama mtu aliyepotea njia, bibi alinigeukia. "Mume wangu," aliniambia, kwa utani ule ambao mabibi wa pwani huwafanyia wajukuu wao wa kiume, "kwani huko kwao hakuna washenga?"

Nilikuwa nimeitazama filamu hiyo mara mbili kabla ya siku ile na sikuwa nimeliona jambo hilo, ingawa ndilo kiini cha kisa kizima. Seven Chances ni hadithi ya mtu ambaye anaweza kufanya kila kitu isipokuwa kutamka neno moja la kuposa, na ambaye hana wa kumtamkia. Naamini hiyo ndiyo sababu hadithi hii, ambayo ilianza maisha yake kama tamthilia yenye kutegemea maneno, ilipata makao yake ya kweli katika filamu isiyo na sauti.

Tamthilia yenyewe iliandikwa na Roi Cooper Megrue, na David Belasco, mmoja wa watayarishaji mashuhuri wa maigizo wa New York wakati ule, aliipandisha jukwaani mwaka 1916. Miaka michache baadaye Joseph Schenck, aliyekuwa akigharimia filamu za Buster Keaton, alinunua haki zake na kumkabidhi Keaton kazi ya kuigeuza kuwa filamu. Wawili hao walikuwa wanyumba, kwa kuwa walikuwa wameoa watoto wa familia moja, Norma na Natalie Talmadge. Keaton hakuipenda tamthilia hiyo, akiona kwamba haikufaa kwa aina ya uchekeshaji wake, na hata uzeeni aliihesabu filamu hii miongoni mwa kazi zake dhaifu. Mimi simwungi mkono katika hukumu hiyo, ila naelewa ilikotoka, kwa sababu nusu ya kwanza ya filamu bado inaburuza minyororo ya jukwaa, na mtazamaji anaihisi.

Kisa ni chepesi kusimulia. Jimmie Shannon, anayeigizwa na Keaton mwenyewe, ni dalali wa hisa ambaye yeye na mshirika wake wameingizwa katika biashara mbovu na wanakabiliwa na kufilisika, pengine hata kufungwa. Mwanasheria mmoja mfupi, anayeigizwa na Snitz Edwards kwa uso ambao ukishauona huusahau, anawafuata kila mahali huku wao wakimkimbia wakidhani amewaletea samansi. Kumbe amebeba wosia wa babu yake Jimmie, unaomwachia dola milioni 7 kwa sharti kwamba awe ameoa ifikapo saa moja jioni ya siku atakayotimiza miaka 27. Siku hiyo ndiyo leo.

Kabla ya hayo yote, filamu inafungua kwa kipande kifupi cha rangi, kilichopigwa kwa Technicolor ya mwanzo iliyotumia rangi mbili tu, na kipande hicho kwangu mimi kina thamani kuliko nusu saa inayokifuata. Jimmie amesimama na Mary kwenye lango la nyumba yao wakati wa kiangazi, maua yamechanua, na kibao kinatuambia kwamba anataka kumwambia anampenda. Hamwambii. Majani yanapukutika, wapo palepale, hamwambii. Theluji inaanguka, kisha majira ya kuchipua yanarudi, na bado hajasema. Kitu pekee kinachokwenda mbele ni mbwa wa Mary, ambaye mara ya kwanza ni kitoto kidogo na kila msimu anarudi akiwa mkubwa zaidi. Hakuna kinachoelezwa na hakuna kinachohitaji kuelezwa, kwa sababu mwaka mzima wa maisha ya mtu umepimwa kwa mwili wa mbwa. Jukwaani mwigizaji angelazimika kusema kwamba amekuwa akimpenda binti huyu kwa muda mrefu bila kuthubutu kutamka, nasi tungelazimika kumwamini kwa maneno yake, lakini hapa tumemwona akishindwa mara nne kwa macho yetu na tunakubeba kushindwa kwake hadi mwisho wa filamu.

Kwa hiyo Jimmie anapopata habari za wosia, anamkimbilia Mary, na hapo pana dakika moja ambayo wanafunzi wa filamu wangepaswa kuirudia mara nyingi. Anaingia katika gari lake mbele ya klabu. Gari halisogei hata kidogo, naye haondoi mkono kwenye usukani, lakini mandhari ya nyuma yake inayeyuka taratibu na kugeuka kuwa nyumba ya Mary, kisha anashuka kama mtu aliyefika. Ili jambo hilo lifanikiwe, gari lilipaswa kuwekwa mbele ya kamera katika sehemu mbili tofauti kwa vipimo vilevile kabisa, na Keaton alieleza baadaye kwamba walitumia vyombo vya wapima ardhi ili gari lisicheze hata kwa upana wa kidole. Safari yote imefutwa, kwa kuwa mwenye kwenda kuposa haoni njia, anaona mlango anaokwenda kuubisha tu.

Na akifika, anaharibu. Kwa kuwa hajui kusema, anasema vibaya: anamweleza Mary kwamba lazima aoe leo, na kwamba hata angekuwa msichana mwingine yeyote ingekuwa sawa. Hapo ndipo bibi alipopiga paja lake kwa kiganja na kuguna. Mary anamfukuza, na ana haki. Ruth Dwyer, anayemwigiza, hakupewa mengi ya kufanya katika filamu hii, lakini namna anavyobadilika kutoka furaha hadi kuumia bila kukunja uso wake wote ni kazi nzuri, nami nasikitika kwamba baada ya hapo anawekwa nyumbani kusubiri.

Sehemu inayofuata, ile ya klabu ya matajiri, ndiyo moyo wa tamthilia ya awali, na ndiyo inayonichosha zaidi. Mshirika wa Jimmie, anayeigizwa na T. Roy Barnes, anatazama wanawake waliopo, anaandika majina saba ya wale ambao Jimmie anawafahamu, na hizo ndizo nafasi saba zilizoipa filamu jina lake. Jukwaani, utamu wa sehemu kama hii hutokana na majibu, kila msichana akikataa kwa ulimi wake mwenyewe na hadhira ikingoja kusikia huyu atasema nini baada ya yule. Filamu bubu haiwezi kufanya hivyo bila kukatiza picha kwa vibao vya maandishi, na kuna wakati vibao hivyo vinakuwa vingi hadi mwendo unakwama. Mshirika naye anajaribu kuwa mshenga, lakini hana adabu wala busara ya mshenga, na Barnes anaigiza kwa mikono mingi kama mtu aliyezoea kuonekana na walioketi viti vya nyuma ukumbini.

Hata hivyo Keaton anaiokoa klabu mara mbili au tatu. Jimmie anaandika posa kwenye kikaratasi na kumrushia msichana aliye kwenye roshani ya juu. Tunamtazama akiwa chini, ameinua uso, anasubiri, na jibu linashuka kwa umbo la vipande vidogo vyeupe vinavyomwangukia kichwani kama theluji. Mtu aliyetazama kipande kile cha rangi mwanzoni anaikumbuka theluji ya langoni kwa Mary. Kwenye ngazi, anamposa mmoja anayepanda na mwingine anayeshuka, akigeuka pamoja nao bila kupoteza hatua, na uso wake haubadiliki. Watu wengi hudhani kwamba uso wa Keaton ni mkavu, lakini ukiutazama kwa makini utaona kwamba macho yake yanafanya kazi muda wote: yanatumaini, yanahesabu, yanapokea pigo, kisha yanatafuta mlango mwingine. Watazamaji wenye jicho wamtafute pia msichana wa mapokezi pale klabuni, kwa kuwa ni Jean Arthur, ambaye miaka kumi baadaye angekuwa nyota mkubwa wa filamu zenye sauti.

Baada ya klabu, filamu inaingia mahali ambapo mimi kama Mwafrika siwezi kupita haraka, na sitaki msomaji akutane napo bila kuonywa. Jimmie, akiwa amekata tamaa, anaanza kumposa kila mwanamke anayepita barabarani. Mmoja anamkaribia kwa nyuma, na anapogundua kwamba ni mwanamke mweusi, anaendelea na safari yake, na tunatarajiwa kucheka. Mwingine anamwacha baada ya kuona gazeti analolisoma limeandikwa kwa herufi za Kiebrania. Isitoshe, kibarua wa familia ya Mary, anayetumwa kupeleka barua ya kumwambia Jimmie kwamba Mary amekubali, ni Mzungu aitwaye Jules Cowles aliyepakwa rangi nyeusi usoni, na uchekeshaji wake wote ni uzito wake wa kuelewa na uvivu wa farasi wake. Huo ulikuwa utamaduni wa majukwaa ya Marekani kwa miongo mingi, na Keaton alilelewa majukwaani tangu utotoni, katika kundi la wazazi wake lililoitwa The Three Keatons. Kulieleza jambo hilo hakulifanyi liwe jema. Inaniuma zaidi kwa kuwa barua anayoibeba kibarua huyo ndiyo tumaini la kisa kizima, na mwigizaji mweusi halisi, akipewa nafasi hiyo na heshima yake, angeifanya safari ile iwe na mvuto ambao haupo sasa. Bibi alimtazama yule mtu kwa muda, akauliza kwa nini amejipaka masizi, nami nilipomweleza alinyamaza. Nawashauri wazazi watakaoitazama na watoto wasiruke sehemu hizo kimyakimya, bali wazieleze.

Mshirika, kwa nia njema na akili fupi, anachapisha habari gazetini kwamba kijana mwenye urithi wa mamilioni anatafuta mke, na atakayekuja kanisani saa kumi na moja akiwa amevaa kama bibi harusi ataolewa. Jimmie anafika wa kwanza, anakaa kiti cha mbele kabisa, na kwa uchovu anasinzia. Kamera inabaki nyuma yake. Anaingia mwanamke mmoja mwenye shela, kisha wawili, kisha wengine kwa miguu, kwa baiskeli, kwa farasi, hata kwa viatu vya magurudumu, warefu na wafupi, vijana kwa wazee, hadi kanisa linajaa kitambaa cheupe na kichwa kimoja cheusi kilicholala mbele. Keaton haharakishi hata kidogo. Anaacha kicheko kichacheke chenyewe, na sisi watatu sebuleni (mpwa wangu alikuwa ameshaingia wakati huo na kusahau shughuli iliyomleta) tulikuwa tunacheka kabla jambo lolote halijatendeka. Mchungaji anapotoka na kuwatangazia wanawake wale kwamba bila shaka wamefanyiwa mzaha, hasira inayolipuka ni hasira yenye msingi. Nimesoma watu wakisema kwamba sehemu hii inawadhalilisha wanawake kwa kuwafanya kundi la wawindaji. Lipo la kweli humo, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao anayepewa jina. Lakini hawa ni watu walioitwa kwa tangazo, wakajipamba, wakaja, kisha wakaambiwa waende nyumbani, na filamu haifichi kwamba waliodanganya ni wanaume.

Ipo pia dakika ya duka la saa, ambayo bibi aliniomba nimrudishie mara mbili. Jimmie hajui muda uliobaki. Anaona duka la fundi saa, dirisha limejaa saa za kila aina, na kila saa inasema lake. Anaingia ndani kumuuliza mwenye duka, ambaye anatoa saa yake ya mfukoni, anaitazama, anaitikisa, anaiweka sikioni, na kuanza kuifungua aitengeneze. Mchezo wote huo hauna hata neno moja la lazima. Nilipofungua kinywa nieleze, bibi alinizuia kwa mkono: "Nyamaza, naona." Sisi tuliokulia katika vibanda vya video, ambako msimulizi huzungumza juu ya filamu kutoka mwanzo hadi mwisho na kutupa kila kitu kwa Kiswahili, tunajua thamani ya sauti ile. Hapa haikuwa na kazi.

Kuanzia hapo tamthilia ya 1916 imekwisha, na filamu inaanza kuishi kwa miguu yake. Jimmie anatembea barabarani akidhani ameponyoka, na nyuma yake mtaa wote, kutoka ukuta hadi ukuta, unajaa mabibi harusi. Anageuka. Kinachofuata ni mbio ambazo hakuna jukwaa lingeweza kuzibeba: wanawake wanapita mahali fundi anapojenga ukuta, kila mmoja anachukua tofali lake, na ukuta unatoweka mbele ya macho ya fundi. Jimmie anarukia kilele cha mti ambao wakati huohuo unakatwa shina. Anavamiwa na nyuki, anatoka majini na kobe ameng'ang'ania tai yake, ananing'inia kwenye winchi ambayo wanaoiongoza ni haohao wanaomfukuza. Na anayekimbia katika haya yote ni Keaton mwenyewe, mwili mdogo unaonyooka kama mshale ukiwa kwenye tambarare na kulegea kama kitambaa ukianguka.

Kisha mawe. Filamu ilipooneshwa kwa watazamaji wa majaribio, sehemu ya mwisho haikuwashika, isipokuwa mahali pamoja ambapo Keaton, akiteremka kilima, alikuwa amegonga vijiwe vichache bila kukusudia na vijiwe vile vikabiringika kumfuata. Ukumbi ulicheka. Mtu mwingine angeshukuru na kuacha, lakini yeye alirudi kilimani na mawe mengi ya bandia, yaliyotengenezwa kwa karatasi na waya, kuanzia ukubwa wa mpira hadi mengine yaliyomzidi kimo, akayaachia yote. Matokeo yake ni dakika chache ambazo hadi leo sijaona mfano wake. Anakwepa jiwe dogo kwa kuruka, la pili kwa kulala chini, la tatu kwa kuzunguka nyuma ya mti, na hapo yanatokea majabali. Anageuka kuyakimbia, anakutana na wanawake wanaopanda kutoka chini, anasimama kati ya mauti mawili, na kwa kipimo cha jicho moja anachagua mawe. Ingawa najua ni karatasi, mabega yangu yalijikunja kila yalipompita. Kila hatua anayoiruka inaonekana kuamuliwa pale pale, na hakuna mkato wa picha unaotuibia, kwa kuwa kamera imewekwa mbali kiasi cha kuonesha kilima, mtu na mawe kwa pamoja. Aliyekuwa ameshindwa kutembea hatua moja kutoka langoni kwa Mary anashuka mlima mzima kumwendea, na kila anachotaka kumwambia amekisema kwa miguu.

Mwisho wake sitausimulia wote. Nitasema tu kwamba unahusu saa iliyokosea na saa ya kanisa iliyo sahihi, na kwamba mbwa yule wa langoni anarudi, sasa akiwa mkubwa kweli, na kuketi mahali ambapo bwana harusi angependa kuketi yeye.

Kuhusu nakala, mnunuzi awe makini. Nakala ya kwanza niliyoipata, ya muuzaji wa mtaani, ilikuwa imepoteza rangi za mwanzo kabisa, uso wa Keaton ulikuwa doa jeupe, na picha zilikimbia upesi kiasi kwamba sehemu ya kanisani iliharibika yote, maana utulivu ndio uchekeshaji wenyewe. Tafuteni nakala iliyosafishwa, ambayo utaitambua kwa kipande cha rangi mwanzoni na kwa urefu wa takriban dakika 56. Tangu Januari 2021 filamu hii haina tena hakimiliki nchini Marekani, hivyo zipo nakala nzuri zinazopatikana bila malipo, lakini zipo nyingi zaidi zilizopachikwa muziki wa kinanda usiojali kinachotokea kwenye picha. Ukiangukia nakala ya namna hiyo, punguza sauti hadi mwisho na uitazame kimya. Sisi tulifanya hivyo kuanzia pale kanisani, na kilichosikika sebuleni hadi mwisho ni feni, mpwa wangu akimwonya Jimmie kila jiwe lilipokaribia, na bibi akisema, mbwa alipoketi, "Huyo ndiye aliyengoja tangu mwanzo."